Vipeuo Viziwi: Kwa Nini √2 ni Jibu Kamili



Mhariri aliponidai makala ya mwaka huu, alitarajia nimletee habari za ngeli au uchambuzi wa methali kama ilivyo desturi ya chama chetu. Nilipomwambia kwamba nitaandika hesabu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Hesabu kwa Kiswahili? Utaanzia wapi, utaishia wapi?" Nikamjibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi mimi nimeinama, nanyi inameni nami kidogo tukitafute.

Mada yenyewe ni ile ya kidato cha tatu ambayo wengi wetu huiruka tunapodurusu: nambari zinazokaa ndani ya alama ya kipeuo na kukataa katakata kutoka. Darasani tunaziita "sadi", kwa kufuata matamshi ya Mwalimu. Mbele kidogo nitawapa jina lake la Kiswahili, na mtaona kwamba jina hilo si la kubuni tu. Lakini kwanza niwasimulie jinsi nambari hizi zilivyoniaibisha.

GETI LA MJOMBA

Likizo moja ya Agosti nilikwenda kumsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Siku hiyo alikuwa akiunda geti la mraba, mita 2 kila upande kwa ndani. Fremu ilikuwa tayari. Kilichobaki ni chuma kimoja cha mshazari, yaani cha kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili, ili geti lisiyumbe. Mjomba akachukua tepu apime. Mimi, mwana wa kidato cha tatu, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba karo yetu haipotei bure.

"Wacha, mjomba! Hiyo si ya kupima, ni ya kuhesabu."

Nikamweleza kanuni ya Pythagoras: katika pembetatu yenye pembe mraba, mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande mbili fupi. Kwa geti la mita 1, tunapata 1 + 1 = 2, kwa hivyo mshazari ni kipeuo cha pili cha 2. "Na kipeuo cha 2 ni 1.4," nikasema kwa madaha. "Geti lako ni mara mbili ya hilo, kwa hivyo kata mita 2.8 kamili."

Hilo neno "kamili" ndilo lililoniponza. Mjomba aliniamini, akakata. Alipokipachika chuma, kikapwaya. Kilipungua milimita 28, zaidi ya inchi moja, na chuma kikishakatwa hakirefuki. Mjomba akanitazama, akakitazama chuma, kisha akasema polepole, "Mpwa wangu, hiyo kamili yako imekula chuma changu."

Sikuwa na la kujibu. Usiku ule nilijiuliza kosa lilikuwa wapi. Kanuni ilikuwa sahihi. Kuzidisha kulikuwa sahihi. Kumbe kosa nililifanya pale nilipoiondoa √2 mapema, nikaweka 1.4 mahali pake, halafu nikasahau kwamba nimebadilisha. Pengo la milimita 14 nikalizidisha kwa 2. Lingekuwa geti la mita 5, pengo lingekuwa milimita 71.

Muhula uliofuata tukafika mada ya sadi. Mwalimu akatuambia, "Acheni kipeuo kama kilivyo." Darasa zima likanung'unika: "Lakini Mwalimu, hilo jibu si bado halijaisha?" Mimi nilinyamaza tu, nikikumbuka chuma cha watu. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya, ndugu msomaji. Nataka tukubaliane kwamba √2 ni jibu lililokwisha. Kisichokwisha ni ile 1.4142 na kuendelea.

NAMBARI ZENYE UWIANO

Tuanze na tunazozijua. Nambari yoyote inayoweza kuandikwa kama sehemu, nambari nzima juu na nambari nzima chini, tuiite nambari yenye uwiano. Ile ya juu ni kiasi, ile ya chini ni asili, na asili haiwi sifuri. 3/4 ni mojawapo, 5/2 vilevile, na hata 7 imo kwa sababu ni 7/1.

Ukizigeuza nambari hizi kuwa desimali, huwa na tabia mbili tu. Ama huisha, kama 3/4 ambayo ni 0.75, ama hujirudia, kama 1/3 ambayo ni 0.333... au 1/7 ambayo ni 0.142857142857... Hakuna tabia ya tatu. Kwa nini?

Hebu gawa 1 kwa 7 kwa mkono, ile njia ndefu tuliyofunzwa shule ya msingi. Kila hatua unapata baki. Unapogawa kwa 7, baki haiwezi kuwa nyingine ila 0, 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Ukipata 0, kazi imekwisha. Usipopata 0, unazo baki sita tu za kuchezea. Ukifika hatua ya saba, utake usitake, utapata baki uliyokwisha kuipata, na kuanzia hapo kila kitu kinarudi vilevile, kama mzee anayesimulia kisa kimoja kila jioni.

Kinyume chake pia ni kweli: desimali yoyote inayojirudia tunaweza kuirudisha iwe sehemu. Chukua x = 0.121212... Zidisha kwa 100 upate 100x = 12.121212... Ondoa ya kwanza katika ya pili, mkia wote unakatika: 99x = 12. Basi x = 12/99, yaani 4/33.

Sasa swali lenyewe: √2 iko katika kundi hili? Ikiwa iko, lazima desimali yake iishe au ijirudie.

KIKOKOTOO KINASEMA NINI

Chukua kikokotoo, au kalkuleta kama tunavyoiita bwenini, ubonyeze kipeuo cha 2. Utaona 1.414213562. Wengi wetu huishia hapo, tukaamini kwamba hiyo ndiyo √2 yenyewe.

Sasa futa, uandike 1.414213562 kwa mkono wako, uizidishe kwa yenyewe. Kikokotoo kitakupa 1.999999999. Ile 2 imekwenda wapi?

Wala huhitaji kikokotoo kuligundua hilo. Tazama tarakimu ya mwisho, ambayo ni 2. Ukizidisha nambari hiyo kwa yenyewe, tarakimu ya mwisho ya jibu itakuwa 2 × 2 = 4. Nambari inayoishia kwa 4 baada ya nukta haiwezi kuwa 2 kamili, ambayo baada ya nukta ina sifuri tupu. "Basi tuongeze tarakimu," utasema. Ongeza upendavyo. Tarakimu ya mwisho itakuwa mojawapo ya 1 hadi 9, na miraba ya hizo huishia kwa 1, 4, 9, 6, 5, 6, 9, 4 na 1. Hakuna hata moja inayoishia kwa sifuri. Kwa hivyo hakuna desimali inayoisha ambayo mraba wake ni 2, hata ukiijaza karatasi kutoka hapa hadi Busia.

Watu wa kale walilikaribia jibu ajabu. Katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kuna kibao cha udongo cha Wababeli, kinachojulikana kwa alama YBC 7289, kilichoandikwa kati ya miaka ya 1800 na 1600 Kabla ya Kristo. Kina mraba uliochorwa mishazari yake miwili, na juu ya mshazari mna tarakimu 1, 24, 51 na 10. Wababeli walihesabu kwa sitini kama tunavyohesabu dakika na sekunde, kwa hivyo maana yake ni 1 + 24/60 + 51/3600 + 10/216000. Jumlisha upate 1.414213 kwa tarakimu sita za desimali. Kama ningemkatia mjomba chuma kwa nambari ya Wababeli, kosa lisingefika hata sehemu ya mia ya milimita. Lakini hiyo nayo ni sehemu, na mraba wake bado si 2.

Desimali inayoisha tumeikataa. Je, inayojirudia? Hapo tarakimu ya mwisho haitusaidii, kwa maana haipo. Inabidi tupate thibitisho.

SHUFWA NA WITIRI

Sasa ndugu mhariri asikilize vizuri, kwa sababu thibitisho hili linahitaji maneno mawili tu, na Kiswahili kinayo tangu zamani. Shufwa ni nambari inayogawanyika kwa 2 bila kubaki kitu: 2, 4, 6, 8. Witiri ni ile inayobakisha 1: 1, 3, 5, 7. Wenzetu Waislamu wanayajua bila ya kufunzwa hesabu, maana wana sala ya witiri, na maneno yote mawili yanafuatana mwanzoni mwa Sura ya Al-Fajr.

Jambo moja tulishike kwanza. Witiri ukiizidisha kwa yenyewe hupata witiri: 3 × 3 = 9, 5 × 5 = 25, 7 × 7 = 49. Shufwa ukiizidisha kwa yenyewe hupata shufwa. Kwa hivyo, mraba ukiwa shufwa, basi nambari yenyewe nayo ni shufwa.

Haya basi. Tujifanye kwamba √2 ni sehemu. Tuiite a/b, na tuwe tumeirahisisha kabisa, isibaki nambari ya kugawa juu na chini kwa pamoja. Hilo ndilo sharti letu, tusilisahau.

Ikiwa √2 = a/b, tukizidisha kila upande kwa wenyewe tunapata 2 = a²/b², yaani a² = 2b².

Upande wa kulia umezidishwa kwa 2, kwa hivyo a² ni shufwa. Kwa hivyo a ni shufwa. Kila shufwa ni 2 mara kitu fulani, basi tuseme a = 2c.

Weka 2c mahali pa a: 4c² = 2b². Gawa kwa 2: b² = 2c².

Tazama vizuri! Sasa b² ndiyo shufwa, kwa hivyo b ni shufwa.

Basi a ni shufwa na b ni shufwa, na zote mbili zinagawanyika kwa 2. Lakini si tulikubaliana kwamba tumeirahisisha mpaka mwisho? Tumejikana wenyewe. Hatukukosea hatua yoyote, kwa hivyo kosa liko pale tulipoanza, tulipojifanya kwamba √2 ni sehemu. Si sehemu. Haijawahi kuwa sehemu, wala haitakuwa. Na kwa kuwa si sehemu, desimali yake haiishi wala haijirudii.

Mara ya kwanza nilipolielewa thibitisho hili nilikuwa maktabani saa ya maandalio. Nililifunika kwa mkono, nikaliandika upya bila kuchungulia. Nawashauri mfanye hivyo. Likikutoka kichwani mwako mwenyewe, hakuna atakayekunyang'anya.

JINA LA KIPEUO KIZIWI

Wanafunzi wa Pythagoras waliamini kwamba kila kitu ulimwenguni kina uwiano wa nambari nzima. Walipogundua kwamba mshazari wa mraba hauna, walitikisika. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Hippasus, alizama baharini kwa sababu ya kuifichua siri ya aina hii. Ni hekaya iliyoandikwa karne nyingi baadaye, kwa hivyo tuichukue kama hekaya. Lakini mwanafalsafa Plato ametuachia habari za Theodorus wa Cyrene, mji uliokuwa katika Libya ya leo, barani mwetu, aliyeonyesha kwamba vipeuo vya 3, 5 na kuendelea hadi 17 havina uwiano na 1, isipokuwa vile vya nambari zilizo miraba kama 4, 9 na 16.

Wagiriki walitumia neno alogos, ambalo maana yake ni pasipo uwiano, na pia pasipo usemi. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu wakaviita vipeuo hivi asamm, yaani viziwi. Vitabu vyao vilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, neno likawa surdus, kiziwi vilevile, na Waingereza wakalikata mkia wakabaki na lile tunalolitamka "sadi".

Basi sisi, ambao sifuri, sita, saba na tisa tumezipata kwa Kiarabu, na shufwa na witiri pia, kwa nini tusiseme tu kipeuo kiziwi? Mimi napendekeza hivyo, na kama kamati ya istilahi ya chama ina pingamizi, tukutane Ijumaa mkutanoni.

Jina hili pia linakusaidia kukumbuka. Iulize √9, "Wewe ni nambari gani?" Itajibu upesi, "Mimi ni 3." Hiyo inasikia, kwa hivyo si kiziwi. Iulize √2, "Wewe ni sehemu gani?" Itakutazama tu. Hata hivyo, tusidharau. Mtu asiyesikia si mtu asiye na la kusema. Ana lugha yake ya ishara, na anayeijua huzungumza naye vizuri. Kipeuo kiziwi nacho kina ishara yake, hii √, ambayo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1525 katika kitabu cha Mjerumani Christoff Rudolff. Ukiandika √2, umeshaitaja nambari hiyo yote, bila kupunguza hata chembe. Ukiandika 1.4, umeikata ulimi.

Tahadhari moja: si kila nambari isiyo na uwiano ni kipeuo kiziwi. π nayo haina uwiano, na Johann Heinrich Lambert alilithibitisha hilo katika miaka ya 1760, lakini haikutokana na kipeuo. Na wale wenzangu wanaoapa kwamba π ni 22/7, hebu gaweni: 22/7 ni 3.142857..., π ni 3.141592... Zinaachana kuanzia tarakimu ya tatu baada ya nukta. 22/7 ni jirani tu.

KANUNI TATU ZA KUZUNGUMZA NAVYO

Kanuni ya kwanza ni ya kuzidisha: √a × √b = √(ab). Inatusaidia kurahisisha. Tafuta mraba mkubwa zaidi ndani ya nambari, uutoe nje. √12 ni √4 × √3, yaani 2√3. √50 ni √25 × √2, yaani 5√2. √72 ni √36 × √2, yaani 6√2. Ukianza na mraba mdogo si dhambi, ila utarudia kazi.

Kanuni ya pili ni ya kujumlisha na kutoa. Hapa nitawaambia kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili: ni upatanisho wa kisarufi. Kama vile "kitabu" hakikubali "umeanguka", √2 haiungani na √3. 3√2 + 5√2 = 8√2, lakini 3√2 + 5√3 inabaki hivyo hivyo. Ila usikate tamaa kabla ya kurahisisha, maana huenda ni wa ngeli moja waliovaa nguo tofauti: √8 + √18 = 2√2 + 3√2 = 5√2.

Kosa linalotuua wengi katika mtihani ni kujumlisha ndani ya kipeuo. Mtu anaona √9 + √16 anaandika √25, yaani 5. Ati nini? √9 ni 3, √16 ni 4, na 3 + 4 ni 7. Ukiwa na shaka, jaribu kwa nambari zinazosikia kwanza, zitakuambia ukweli.

Kanuni ya tatu ni ya kuondoa kipeuo katika asili. Ukipewa 6/√3, zidisha juu na chini kwa √3: juu 6√3, chini 3, jibu 2√3. Asili ikiwa na maneno mawili, itafutie pacha wake, yaani maneno yaleyale lakini alama ya katikati igeuzwe. Kwa 4/(3 − √5), pacha ni 3 + √5. Chini: (3 − √5)(3 + √5) = 9 − 5 = 4. Juu: 4(3 + √5). Zile 4 zinakatana, jibu ni 3 + √5. Ajabu, si ndiyo?

Kwa nini tusumbuke? Kabla ya kikokotoo, mtu aliyetaka 1/√2 alilazimika kugawa 1 kwa 1.41421 kwa mkono, kazi ya kutoa jasho. Lakini 1/√2 ni √2/2, nusu ya 1.41421, na nusu unaipata kwa kichwa: 0.7071. Ndiyo ile saini ya nyuzi 45 mnayoiona katika majedwali. Swali likisema "bila kutumia majedwali wala kikokotoo", linataka √2/2 hiyo, si 0.7071.

KIPEUO KILICHO MKONONI MWAKO

Kama ungali unaona kwamba haya ni mambo ya ubaoni tu, chukua karatasi ya A4, ile tunayofanyia mtihani. Ni milimita 210 kwa 297. Gawa 297 kwa 210: 1.41428... Hilo si bahati. Karatasi hii ilipangwa hivyo huko Ujerumani mwaka wa 1922, ili ukiikata katikati ya upande mrefu upate karatasi ndogo zenye umbo lilelile. Umbo hilo ni moja tu. Uwiano wa urefu kwa upana tuuite r. Ukikata, upana wa zamani unakuwa urefu, na nusu ya urefu wa zamani inakuwa upana, kwa hivyo uwiano mpya ni 2/r. Tukitaka uwe sawa na ule wa kwanza, r = 2/r, yaani r² = 2. Ndiye yeye!

Jaribu hili ukiwa umekaa hapo. Chukua karatasi mbili za A4. Moja ikunje ili upande mfupi ulale sawasawa juu ya upande mrefu. Mkunjo uliopata ni mshazari wa mraba wa milimita 210. Sasa uweke mkunjo huo sambamba na upande mrefu wa karatasi ya pili. Zitalingana.

Lakini angalia vipimo vyao. Karatasi hukatwa kwa milimita nzima: 210√2 ni milimita 296.98, nayo karatasi ina 297. Wao nao walikadiria, kama mimi. Tofauti ni kwamba pengo lao hapa halifiki hata milimita moja, langu lilifika 28.

Likizo ya Desemba nilirudi kwa mjomba. Nilimchorea geti lile kwenye daftari, nikaandika mshazari 2√2. Akauliza, "Na hiki nitakikata vipi?" Nikamwambia, "Hicho ni cha kwenye karatasi, mjomba, hakikatwi. Siku ya kukata ndipo tunasema mita 2 na milimita 828." Hakujibu. Alichukua tepu yake, akaenda akapima geti lililokuwa ukutani, kona kwa kona, akarudi, akaniambia, "Leo umeingia kazini."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Rahisisha √75 − √27 + √12.

2. Ondoa kipeuo katika asili: 2/(√7 − √5).

3. Shamba la mraba lina eneo la mita za mraba 18. Taja mzingo wake bila kukadiria.

4. Thibitisha kwamba √3 haina uwiano. (Mahali pa shufwa, weka "inayogawanyika kwa 3".) Kisha ujaribu njia hiyohiyo kwa √4, uone inakwama katika hatua gani, na kwa nini ni lazima ikwame.

Majibu: (1) 4√3. (2) √7 + √5. (3) Mita 12√2. La nne sitalijibu hapa. Atakayeliweza aniletee daftari lake darasani, tukae chini tulisome pamoja, na tutazungumza kwa Kiswahili.

Kalamu naiweka chini. Wasalaam.